Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwa Nini Magari Mengine Huwapa Watengenezaji Faida Kubwa Kuliko Mengine

Ukurasa huu umeandaliwa Tanga kwa ajili ya wenye magari, madereva, mafundi na wanafunzi wa biashara, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakiuliza maswali yanayofanana kuhusu viwanda vya magari. Wengi wetu tunalifahamu gari kuanzia linaposhuka melini. Hesabu iliyomfanya mtengenezaji aamue kulitengeneza, kulibadilisha au kuachana nalo hatuijui sana, ilhali hesabu hiyo ndiyo inayoamua ni gari gani litatufikia na spea zake zitapatikana kwa bei gani.

Tunapozungumzia faida, ni faida ya nani?

Ni ya mtengenezaji peke yake. Mtu anayenunua IST iliyotumika katika yadi ya hapa mjini hulipa fedha ambazo hugawanywa kwa wengi: muuzaji wa Japani, mwenye meli, wakala wa forodha, Mamlaka ya Mapato, mwenye yadi na dalali. Kiwanda hakimo katika mgawo huo, kwa sababu kilikwishachukua chake siku gari lilipouzwa likiwa jipya. Faida ya kiwanda ni kile kinachobaki katika bei aliyouziwa muuzaji wa magari mapya, baada ya kutoa gharama za malighafi, vipuri vilivyonunuliwa kwa viwanda vingine, mishahara, usafirishaji, matengenezo ya bure ndani ya muda wa dhamana, pamoja na fungu la gharama za kulibuni gari lenyewe na kuandaa mitambo ya kulitengeneza.

Kinachobaki ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa makampuni mengi makubwa, katika miaka ya kawaida, hubaki kati ya asilimia 4 na 10 ya mauzo kabla ya kodi na riba. Toyota, katika mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2024, ilipata takriban asilimia 12, na huo ulikuwa mwaka mzuri kupita kawaida.

Kwa nini gari kubwa hulipa kuliko gari dogo?

Kwa sababu gharama ya kulitengeneza haipandi kwa kasi ile ile ambayo bei yake inapanda. Gari dogo linahitaji usukani, mikanda, mifuko ya hewa, taa, nyaya, rejeta, breki za magurudumu manne na majaribio ya usalama, kama ilivyo kwa gari kubwa. Mfanyakazi anayefunga mlango hutumia muda unaokaribiana, uwe ni mlango wa Vitz au wa Land Cruiser. Kinachoongezeka katika gari kubwa ni bati, chuma, mpira na vioo, na vitu hivyo, vikinunuliwa kwa wingi ambao viwanda hivi hununua, si ghali kiasi cha kueleza tofauti ya bei tunayoiona. Mnunuzi naye hajali hesabu hiyo. Anapoona gari refu, pana na lenye nguvu, yuko tayari kulipa mara mbili au tatu ya bei ya gari dogo, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hubaki kwa mtengenezaji.

Lipo jambo la pili, nalo ni nakshi. Gari moja huuzwa kwa madaraja mengi, kuanzia la kazi lenye viti vya kitambaa hadi la kifahari lenye ngozi, paa la kioo, rimu kubwa na skrini pana. Tofauti ya gharama baina ya daraja la chini na la juu ni ndogo sana kuliko tofauti ya bei. Mnunuzi wa gari dogo, ambaye mara nyingi anahesabu kila shilingi, hununua daraja la chini na kuondoka. Mnunuzi wa shangingi huongeza kila anachoonyeshwa.

Inasemekana pikapu za Marekani ndizo zinazoleta faida kuliko magari mengine mengi ya kawaida. Ni kweli?

Ni kweli, na historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kuwa faida haitokani na ufundi peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Rais Lyndon Johnson alijibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa za kigeni, yakiwamo malori mepesi, yaani pikapu na magari madogo ya mizigo, ukaanza kutozwa mwaka 1964. Ushuru wa bidhaa nyingine uliondolewa baadaye, lakini ule wa malori mepesi ulibaki, wakati magari ya kawaida ya abiria kwa miongo mingi yalitozwa asilimia 2.5 tu. Matokeo yake ni kwamba soko la pikapu kubwa la Marekani limebaki mikononi mwa makampuni machache: Ford, General Motors, Ram, na Toyota, ambayo ilibidi ijenge pikapu yake ya Tundra ndani ya Marekani kwenyewe, huko San Antonio, Texas. Aidha, sheria ya matumizi ya mafuta iliyopitishwa mwaka 1975 iliruhusu malori mepesi kuwekewa masharti nafuu kuliko magari ya abiria. Mahali ambapo washindani ni wachache na masharti ni mepesi, bei hupanda bila kuzuiwa. Ford F-Series imekuwa pikapu inayoongoza kwa mauzo nchini humo tangu mwaka 1977, na wachambuzi wamekuwa wakikadiria kuwa pikapu kubwa moja inaweza kumwachia mtengenezaji zaidi ya dola 10,000.

Ukubwa wa ushuru huo unaonekana vizuri katika kisa cha Ford Transit Connect, gari dogo la mizigo lililokuwa likitengenezwa Uturuki. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Ford iliyaingiza Marekani yakiwa na viti vya nyuma na madirisha, ili yahesabiwe kuwa magari ya abiria na kutozwa asilimia 2.5. Yalipokwisha kutoka forodhani, viti vile viling'olewa na magari yakauzwa kuwa ya mizigo. Serikali ya Marekani iliipinga hesabu hiyo, na mwezi Machi 2024 Ford ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri hilo. Sisi tumezoea kinyume chake: Hiace iliyotoka Japani ikiwa tupu, ya kubebea mizigo, hupelekwa kwa fundi, ikachomelewa fremu za viti na kufungwa madirisha, kisha ikaingia barabarani ikiwa kipanya. Kampuni kubwa kulipia viti ambavyo hakuna abiria aliyekusudiwa kuvikalia ni ushahidi tosha wa thamani ya asilimia hizo.

Ndiyo sababu Ford iliacha kutengeneza magari ya saluni?

Kwa soko la Marekani Kaskazini, ndiyo. Mwezi Aprili 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itaachana na saluni zake katika soko hilo na kubakiza Mustang, gari lake la michezo, ili fedha na viwanda vielekezwe kwenye pikapu na magari marefu ya familia. Saluni hizo zilikuwa zikinunuliwa na watu wengi bado, lakini zilikuwa zinashindana na saluni nzuri za Japani na Korea ambazo hazikuzuiwa na ushuru mkubwa. Zaidi ya hayo, makampuni ya Detroit, yaani Ford, General Motors na Chrysler, yalibeba kwa miaka mingi gharama za matibabu na pensheni za wafanyakazi na wastaafu. Kwa General Motors, katikati ya miaka ya 2000, gharama za matibabu pekee zilifikia takriban dola 1,500 kwa kila gari. Mzigo wa kiasi hicho juu ya pikapu ya dola 35,000 unavumilika. Juu ya gari la dola 12,000 unamaliza faida yote.

Je, gari dogo ni hasara siku zote?

Hapana, lakini halina nafasi ya kosa. Mfano maarufu ni Mini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959 kwa bei iliyo chini kidogo ya pauni 500. Wahandisi wa Ford waliinunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakapiga hesabu ya kila kipuri na kila hatua ya kazi, wakahitimisha kuwa mtengenezaji alikuwa akipoteza takriban pauni 30 kwa kila gari alilouza. Gari lilipendwa mno na likauzwa kwa mamilioni, ila lilipangiwa bei kabla ya gharama zake kujulikana sawasawa.

Upande wa pili yupo Henry Ford. Model T ilianza mwaka 1908 kwa dola 850, na kufikia mwaka 1925 iliuzwa kwa dola 260, huku kampuni ikizidi kutajirika. Mstari wa kuunganishia magari ulioanzishwa mwaka 1913 ulipunguza muda wa kuunganisha chasisi moja kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Bei ilishuka, lakini gharama ilishuka nayo, na idadi ikafidia udogo wa faida ya kila gari.

Kirikuu yetu iko katika kundi hili. Suzuki Carry na wenzake hutengenezwa kwa kufuata sheria ya Japani ya magari madogo, yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, ambayo humpunguzia mwenye gari kodi. Faida ya kila moja ni nyembamba, na ni wale wanaotengeneza kwa wingi mkubwa, kama Suzuki na Daihatsu, wanaoweza kuendelea. Subaru, ambayo Sambar yake ilisifiwa sana kwa uimara, ilisimamisha utengenezaji wa gari hilo mwaka 2012, na tangu hapo huuza magari madogo yanayotengenezwa na Daihatsu yakiwa na nembo yake. Binafsi naona hilo ni funzo zito kuliko lile la Mini, kwa sababu Sambar haikuwa na kasoro, ilikosa idadi.

Inakuwaje magari mawili yawe na chasisi moja lakini bei zipishane sana?

Gharama kubwa kuliko zote hulipwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Kubuni gari jipya, kutengeneza kalibu za kukandamizia bati, kufanya majaribio na kuandaa mitambo huweza kugharimu zaidi ya dola bilioni moja. Fedha hizo zikibebwa na gari la aina moja linalouzwa kidogo, kila gari hubeba mzigo mkubwa. Zikigawanywa kwa magari ya aina saba, mzigo hupungua. Vitz, IST, Probox, Platz na Funcargo zote zilijengwa juu ya msingi mmoja wa Toyota, na mafundi wa Ngamiani wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa baadhi ya spea za gari moja huingia katika jingine. Kwa njia hiyo hiyo, Toyota ilianzisha mwaka 2004 msingi mmoja unaobeba Hilux, Fortuner na Innova. Volkswagen nayo ilianzisha mwaka 2012 msingi wa namna hiyo kwa magari ya nembo zake mbalimbali.

Faida hunona zaidi pale msingi wa gari la kazi unapovikwa mavazi ya kifahari. Lexus LX, yenye nembo ya kifahari ya Toyota, na Land Cruiser ni ndugu wa damu moja. Lincoln Navigator, yenye nembo ya kifahari ya Ford, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa Ford Expedition iliyopambwa. Mnunuzi hulipa tofauti kubwa kwa ajili ya ukimya, ngozi, huduma na nembo, wakati chasisi iliyo chini yake imekwishalipiwa na wengine.

Na gari linalotengenezwa miaka mingi bila kubadilika?

Hilo ni miongoni mwa mali bora anazoweza kuwa nazo mtengenezaji. Land Cruiser ya familia ya 70 ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Imeboreshwa injini na sura ya mbele, lakini umbile lake la msingi ni lile lile tunaloliona kwenye magari ya wagonjwa na ya miradi yakipanda barabara za Lushoto na Handeni. Hiace ya mwaka 2004 nayo imedumu sokoni kwa miaka mingi. Kalibu zake zimekwisha kurudisha fedha zake, wafanyakazi wanaijua kazi kwa moyo, wauzaji wa vipuri wameshapunguza bei, na makosa ya mwanzo yamesahihishwa zamani. Wanunuzi wake ni mashirika, majeshi, migodi na wasafirishaji, watu wasiotaka urembo mpya bali wanaotaka gari la jana lirudi kesho.

Ferrari huuza magari machache sana. Inapataje faida?

Mwaka 2023 Ferrari iliwakabidhi wanunuzi magari 13,663 na kupata faida ya uendeshaji ya takriban euro bilioni 1.62, yaani zaidi ya euro 118,000 ukigawanya kwa kila gari, ingawa ndani yake yamo mapato ya udhamini na nembo pia. Toyota, kwa hesabu ya namna hiyo katika mwaka ulioishia Machi 2024, ilipata takriban yeni 560,000 kwa kila gari, ikihesabiwa pamoja na mapato ya mikopo. Lakini iliuza zaidi ya magari milioni 9. Ferrari huuza uhaba. Huacha foleni ya wanunuzi iwe ndefu kuliko idadi ya magari, na kila mnunuzi huongeza rangi, mishono na vifaa vya kwake kwa bei isiyojadiliwa. Njia hiyo haiwezi kufuatwa na kampuni ya magari ya kawaida.

Malori makubwa kama Scania na Howo yanafuata hesabu hizo hizo?

Kwa sehemu. Mwenye lori anayebeba saruji kutoka Pongwe au mzigo wa gatini kwenda bara hanunui kwa mapenzi ya sura. Anapiga hesabu ya lita kwa kilomita, siku ambazo lori litalala gereji, na bei atakayoliuzia baada ya miaka kadhaa. Lori linalotumia mafuta kidogo na kuharibika mara chache linaweza kuuzwa ghali kwa sababu mnunuzi anaona kwa macho jinsi fedha zake zitakavyorudi. Scania imejijengea sifa ya muda mrefu katika hili kwa kutumia mfumo wa vipande: kebini, injini, gia boksi na ekseli za aina chache ambazo huunganishwa kwa namna nyingi, hivyo mteja wa magogo na mteja wa kontena kila mmoja hupata lori lake bila kiwanda kubuni mawili. Malori ya Kichina kama Howo yameingia kwa njia nyingine, ya bei ndogo na idadi kubwa.

Biashara ya malori ina udhaifu wake. Uchumi ukiyumba, wasafirishaji huahirisha kununua mara moja, na kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya malori 100 kwa siku hakiwezi kufunga nusu ya kuta zake kikitengeneza 50.

Ni kweli kwamba faida kubwa imo kwenye spea?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Gari jipya huuzwa kwa ushindani mkali, lakini aliyekwisha kulinunua hana uchaguzi mpana anapotaka kipuri chenye nembo ya kiwanda. Chukua taa ya mbele. Katika magari ya zamani ilikuwa kioo, kikombe cha bati na balbu. Balbu ikiungua, dereva alinunua nyingine dukani na kuibadilisha mwenyewe. Katika magari mengi ya sasa taa ni kasha lililofungwa pamoja na kompyuta yake ndogo, na likipasuka pembeni hununuliwa zima. Kwa malori hali ni hiyo kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa lori hutembea kilomita nyingi na mikataba ya matengenezo huliingizia kampuni fedha kila mwezi, hata katika miaka ambayo malori mapya hayauziki. Mikopo nayo ni chanzo cha zamani: General Motors ilianzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi mwaka 1919.

Magari ya umeme yana faida?

Inategemea ni nani anayeyatengeneza. Betri ndiyo kipande ghali kuliko vyote, hivyo anayeinunua kwa mwingine huanza akiwa nyuma. Ford ilitangaza hasara ya dola bilioni 4.7 katika kitengo chake cha umeme mwaka 2023, wakati kitengo chake cha magari ya biashara kilipata dola bilioni 7.2 katika mwaka huo huo. BYD ya China ilianza mwaka 1995 ikiwa kampuni ya betri kabla ya kugeukia magari, na hujitengenezea betri zake. Tesla, katika miaka yake mizuri ya 2021 na 2022, ilipata faida ambayo makampuni ya zamani hayakuitarajia, kwa kuwa na aina chache za magari na kwa kuwauzia watengenezaji wengine vibali vya hewa chafu walivyovihitaji ili kutimiza masharti ya moshi.

Kwa nini basi makampuni yote yasitengeneze magari makubwa tu?

Kwa sababu yaliwahi kujaribu na yakaumia. Katikati ya mwaka 2008 galoni ya petroli ilifika dola 4 nchini Marekani, na wanunuzi wakayakimbia magari makubwa katika muda wa miezi michache. Viwanda vilivyozoea kutengeneza pikapu havikuweza kugeuzwa haraka. Kisha mikopo ikakauka, na tarehe 1 Juni 2009 General Motors ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Gari dogo lenye faida nyembamba huipa kampuni wateja vijana, hulisha viwanda siku za shida na husaidia kutimiza masharti ya moshi, ambayo kwa Ulaya yakivunjwa hutozwa faini kwa kila gari.

Haya yanatuhusu nini sisi tunaonunua yaliyotumika?

Yanatuhusu moja kwa moja, na ndiyo sababu ya kuuandika ukurasa huu. Gari linaloamuliwa leo huko Japani ndilo litakaloshuka hapa miaka kumi au kumi na mitano ijayo. Toyota ilisimamisha utengenezaji wa IST mwaka 2016. Zilizobaki sokoni zinazidi kuzeeka, hakuna mpya zinazoingia nyuma yake, na mwalimu au muuguzi anayetafuta gari lake la kwanza anaanza kuziona bei zikikataa kushuka kama zamani. Kiwanda nacho kinanufaika na soko letu, ingawa kwa kuzunguka: mnunuzi wa Tokyo anayejua kwamba gari lake litahitajika Afrika hata likiwa na miaka kumi hukubali kulilipia zaidi likiwa jipya.

Nikinunua sasa, niangalie nini kutokana na haya yote?

Angalia gari ambalo msingi wake umetumiwa na magari mengi na lilitengenezwa kwa miaka mingi, kwa maana spea zake zitapatikana hata nembo ikifutwa sokoni. Probox ni mfano mzuri kwa mfanyabiashara, na Hiace kwa msafirishaji. Jihadhari na gari zuri lililouzwa kwa uchache kisha likaachwa. Mara nyingi bei yake hapa ni ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, tembelea maduka mawili au matatu ya spea, uliza bei ya taa ya mbele, shokapu na pampu ya maji ya gari hilo, na uulize pia kama vipo dukani au vinaagizwa.